Bahari ndani ya biti 16: kisa cha positi na Float16

Chukua namba ya biti 16 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) ya muundo uitwao Float16, uanze kuhesabu kutoka sifuri ukiongeza moja kila hatua. Utapita mia, utapita elfu, utafika 2,048, na hapo utakwama. Ongeza moja, jibu ni 2,048. Ongeza nyingine, bado 2,048. Hakuna onyo linalotokea wala programu haisimami. Kuanzia 2,048, namba za muundo huu huruka mbili mbili: inayofuata ni 2,050, na 2,049 haina pa kuandikwa. Kompyuta inakadiria na kurudi pale pale, na ile moja uliyoongeza inapotea.

Anayehesabu mifuko ya saruji hatajali, maana atatumia namba nzima. Anayeumia ni yule anayeiga mwendo wa maji au hewa kwa kompyuta. Programu yake hubeba hali ya sasa ya bahari, yaani kasi ya mkondo na kimo cha maji kila mahali, na kwa kila hatua ya muda huongeza badiliko dogo juu ya hali hiyo. Badiliko likiwa dogo kuliko pengo kati ya namba mbili jirani, haliingii. Mkondo unaganda kwenye kompyuta wakati upepo bado unavuma.

Kisa ninachokichambua kilitokea kati ya 2019 na 2022 kwa kundi la watafiti wa hali ya hewa la Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Nimekichagua kwa sababu ndani yake muundo mpya wa namba, positi, uliingizwa kwenye kazi halisi pamoja na ule wa zamani, Float16, ukashinda mwanzoni kwa haki kabisa, na bado kazi ikaja kukamilishwa na ule wa zamani. Wengi wanaopigia debe positi husimulia nusu ya kwanza tu. Wanaozipinga husimulia nusu ya pili.

Ugomvi wenyewe kuhusu namna ya kuandika namba kwenye kompyuta ni wa siku nyingi. Namba ya nukta inayoelea, ambayo Float16 ni aina yake moja, huandikwa kama zile namba za kisayansi tulizofundishwa sekondari, 6.02 × 10²³, ila kwa kizio cha 2. Biti moja hushika alama ya chanya au hasi, kadhaa hushika kipeo, zinazobaki hushika tarakimu. Kwenye Float16 mgao ni 1, 5 na 10. Kabla ya 1985 kila kampuni kubwa, iwe IBM, DEC au Cray, ilikuwa na mgao wake na kanuni zake za kukadiria, hata programu moja ikatoa majibu mawili kwenye mashine mbili. Kiwango cha IEEE 754 kilimaliza vurugu hiyo, na aliyekisukuma kuliko wote ni William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1989.

Upande wa pili yuko John Gustafson, mtaalamu wa kompyuta kubwa ambaye sheria yake ya 1988 kuhusu kugawa kazi kwa prosesa nyingi inafundishwa hadi leo. Mwaka 2015 alitoa kitabu akipendekeza tuachane na nukta inayoelea. Namba zake za kwanza, unumu, zilikuwa na urefu unaobadilika na biti maalumu ya kukiri kama jibu ni kamili au limekatwa. Julai 2016 yeye na Kahan walikabiliana hadharani huko Santa Clara, California, mbele ya wataalamu wa hesabu za kompyuta. Kahan alishikilia kwamba urefu unaobadilika utakula muda na kumbukumbu, na kwamba hakuna muundo wa namba unaoweza kumwondolea mtu wajibu wa kuchambua makosa ya hesabu zake. Mwaka uliofuata Gustafson, pamoja na Isaac Yonemoto, alileta kitu kingine: positi. Urefu haubadiliki tena, na ile biti ya kukiri imeondolewa. Naliona hili kuwa jambo kubwa ambalo halisemwi vya kutosha. Positi haikuja na ahadi ya kumaliza makosa. Ilikuja na ahadi ya kuyagawa vizuri zaidi.

Mgao wenyewe uko hivi. Kati ya alama na kipeo kuna sehemu ya ziada iitwayo rejimu, mfululizo wa biti zinazofanana. Urefu wa mfululizo huo ndio unaoeleza namba iko mbali kiasi gani na 1. Ni kama nauli: anayekwenda karibu analipa kidogo na kubaki na fedha mfukoni, anayekwenda mbali analipa nyingi, na hapa nauli hulipwa kwa biti za tarakimu. Positi ya biti 16 yenye biti 2 za kipeo ina biti 11 za tarakimu kati ya 1/16 na 16, moja zaidi ya Float16. Kati ya 16 na 256 zinabaki 10, sawa kwa sawa. Kati ya 4,096 na 65,536 zimebaki 8. Lakini inaendelea kusafiri hadi 2⁵⁶, yaani takriban 7.2 × 10¹⁶, wakati Float16 inaishia 65,504 na baada ya hapo huandika tu kwamba namba haina kikomo.

Sasa rudia lile jaribio la kuhesabu kwa positi. Ukiongeza moja moja, utakwama kwenye 1,024, mapema kuliko Float16! Hapo biti za tarakimu ni 9 tu, na namba zimeshaanza kuruka mbili mbili. Badilisha kipimo: badala ya kuongeza 1, ongeza 1/256 kila hatua. Float16 itakwama kwenye 8, ambayo ni hatua ya 2,048, kama mwanzo. Positi itaendelea hadi 16, yaani hatua ya 4,096. Kazi ni ile ile, kilichobadilika ni kipimo tu, na mshindi amebadilika. Fanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu na karatasi, haihitaji zaidi ya robo saa. Kwangu mimi ndiyo ufunguo wa kisa chote: Float16 haijali umeweka kipimo gani mradi usivuke mipaka yake, positi inajali sana.

Twende Oxford. Milan Klöwer, aliyekuwa akifanya shahada ya uzamivu, pamoja na Peter Düben na Tim Palmer, walikuwa na swali linalowagusa wote wanaotabiri hali ya hewa: kwa nini tunabeba biti 64 kwa kila namba wakati vipimo tunavyoanzia, joto, upepo, mgandamizo, vyenyewe havina uhakika wa tarakimu zaidi ya tatu au nne? Swali hilo lina thamani ya kazi halisi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilipohamisha utabiri wake kutoka biti 64 kwenda 32 mwaka 2021, muda uliookolewa ulisaidia kuongeza tabaka za hewa katika utabiri wake wa makundi, yaani utabiri unaorudiwa mara nyingi kwa tofauti ndogo mwanzoni, kutoka 91 hadi 137. Ukishuka hadi 16 unaweza kuokoa zaidi, mradi bahari isigande.

Walianza na mifano miwili. Wa kwanza ni mfumo wa Lorenz wa 1963, milinganyo mitatu tu, maarufu kwa jinsi tofauti ndogo mwanzoni inavyokuwa kubwa mwishoni. Wa pili ni modeli ya maji ya kina kifupi: bonde la maji linalosukumwa na upepo, mizunguko na mikondo ikijitengeneza ndani yake. Mwaka 2019 walitangaza matokeo. Utabiri uliofanywa kwa positi za biti 16, zenye biti 1 au 2 za kipeo, ulikuwa sahihi zaidi kwa uwazi kuliko ule wa Float16. Wakapendekeza biti 2 za kipeo ziwe kiwango cha positi ya biti 16, kwa sababu upana wake unatosha modeli nyingi za hewa na bahari. Wakati huo desturi ilikuwa biti 1. Kiwango rasmi cha positi kilipotoka 2022, kiliweka biti 2 kwa ukubwa wote. Watu wa hali ya hewa walikuwa wameacha alama kwenye namba yenyewe.

Hapo ndipo wengi hufunga ukurasa. Lakini kuna sentensi moja katika kazi hiyo ya 2019 inayostahili kusomwa mara mbili: prosesa ya positi iliyokubalika kama kiwango haikuwepo, kwa hiyo positi ziliigizwa kwa programu kwenye prosesa ya kawaida. Kila kujumlisha na kila kuzidisha kulifanywa kwa mlolongo wa amri nyingi badala ya amri moja ya chipu. Usahihi uliweza kupimwa, kasi haikuweza. Na kasi ndiyo iliyokuwa sababu ya kushuka kwenye biti 16.

Mwaka 2020 kundi hilo lilipanua uchunguzi. Safari hii Float16, bfloat16, positi, namba nzima na namba za nukta isiyohama zote ziliwekwa mezani. Bfloat16 ni muundo wa Google kwa ajili ya akili mnemba: ukichukua namba ya biti 32 ukakata nusu ya chini, unabaki nayo. Kipeo chake ni kipana, biti 8, ila tarakimu ni biti 7 tu. Katika jaribio letu la kuhesabu inakwama kwenye 256. Kufundisha mitandao ya neva kunavumilia hilo. Bahari ni ngumu zaidi kuidanganya.

Hitimisho la 2020 lilikuwa na pande mbili. Ukihamia biti 16 kienyeji, bila kugusa kitu kingine, modeli inaharibika: mwendo unaganda au hesabu inalipuka. Positi hupunguza sana uharibifu huo. Lakini pia, ukipanga upya vipimo vya milinganyo, ukibadilisha mfuatano wa hesabu, na ukiacha sehemu chache nyeti zibebwe na biti nyingi zaidi, basi hata Float16 ya kawaida inaifanya kazi hiyo vizuri. Nusu ya pili ya hitimisho hilo ndiyo iliyozaa kazi ya 2022.

Kufikia wakati huo Fugaku, kompyuta kubwa ya Kobe, Japani, ilikuwa ya kwanza duniani kwa kasi, na chipu yake, A64FX ya Fujitsu, inafanya hesabu za Float16 moja kwa moja. Biti zikipungua kutoka 64 hadi 16, namba nne zinaingia mahali pa moja, kwa hiyo kasi ya juu kabisa unayoweza kuitarajia ni mara nne. Tatizo lilikuwa mipaka. A64FX hushughulikia polepole namba ndogo sana za Float16, kwa hiyo eneo salama lilikuwa kati ya 6 × 10⁻⁵ na 65,504. Milinganyo ya maji iliyoandikwa kwa mita na sekunde haikai humo. Baadhi ya majibu yangeanguka chini ya sakafu, mengine yangegonga dari.

Walichofanya ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika kisa hiki. Hawakubuni namba mpya ya kuhesabia. Walitengeneza namba ya kuchunguzia. Waliiita Sherlogs, na kazi yake ni kuhesabu kama namba ya kawaida huku ikiandika kumbukumbu ya ukubwa wa kila jibu linalopita. Modeli ikaendeshwa kwa namba hizo, na mwishoni wakawa na picha kamili ya namba zipi hasa bahari yao inazitumia: ngapi ziko kwenye maelfu, ngapi kwenye sehemu za elfu. Kwa picha hiyo wakapanga upya vipimo vya milinganyo, wakizidisha hapa na kugawanya pale, mpaka majibu yote yakaingia ndani ya Float16. Modeli ikawa inatumia 97% ya namba zote ambazo muundo huo unaweza kuziandika.

Likabaki lile tatizo la kukwama. Badiliko dogo juu ya hali kubwa bado lilipotea, hata baada ya kupanga vipimo. Njia ya kawaida ni kuibeba hali yenyewe kwa biti 32, lakini kubadilishana kati ya 16 na 32 kunapunguza kasi. Wao walitumia ujumlishaji wenye fidia. Kila mwenye duka dogo anaijua hesabu hii kwa jina jingine. Mteja anadai chenji ndogo na sarafu hazipo; mwenye duka hamdhulumu, anaandika daftarini. Kesho anaandika nyingine. Deni likifika kiasi kinachotosheka kwa noti, analitoa. Ujumlishaji wenye fidia hufanya hivyo hivyo: kinachokatwa wakati wa kukadiria hakitupwi, kinahifadhiwa pembeni kwenye namba ya pili ya biti 16, na hatua inayofuata kinaongezwa juu ya badiliko jipya. Katika jaribio letu la kuhesabu, 2,048 ikikataa moja ya kwanza, ile moja inakaa daftarini. Moja ya pili ikija, zinakuwa mbili, na mbili zinaingia. Unafika 2,050.

Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1965, na wataalamu wanaiita kwa jina la aliyeichapisha: Kahan. Mtu yule yule.

Matokeo kwenye A64FX: Float16 bila daftari ilikuwa na kasi hadi mara 3.8 ya biti 64. Pamoja na daftari, hadi mara 3.6. Usahihi wake ulilingana na ule wa kuchanganya biti 16 na 32, kwa muda mfupi zaidi. Waandishi waliitaja kuwa modeli ya kwanza ya mzunguko wa maji kuendeshwa yote kwa biti 16. Positi hazikuwa na chipu ya kupimwa nayo pale.

Sasa hukumu yangu. Ushindi wa positi mwaka 2019 ulitokana na mambo mawili yaliyochanganyika: ile biti moja ya ziada karibu na 1, na upana unaozuia namba kuanguka nje ya mipaka wakati vipimo havijapangwa. Ukishapanga vipimo, faida ya pili inayeyuka. Inabaki ile biti moja, na inabaki tu kwa namba zilizo kati ya 1/16 na 16. Hiyo si faida ya kudharau. Katika biti 11 za tarakimu, moja ni kubwa. Lakini daftari la chenji linaokoa zaidi ya biti moja mahali penye maumivu, na linafanya hivyo kwenye chipu ambayo tayari imenunuliwa na kufungwa.

Kuna gharama nyingine ambayo Florent de Dinechin na wenzake wa Ufaransa waliieleza kwa makini mwaka 2019. Kwenye nukta inayoelea, kosa la kukadiria lina kiwango kimoja cha juu kwa uwiano, kutoka namba ndogo hadi kubwa, maadamu uko ndani ya mipaka. Uthibitisho mwingi wa hisabati umejengwa juu ya msingi huo. Kwenye positi kiwango hicho kinategemea uko wapi. Mfano unaouma ni namba thabiti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika, takriban 6.63 × 10⁻³⁴. Kwenye positi ya biti 32 rejimu hula nafasi yote ya tarakimu, na thamani iliyo karibu zaidi ni 7.70 × 10⁻³⁴: kosa la 16% kabla hujafanya hesabu hata moja. Nukta inayoelea ya biti 32 inaiandika namba hiyo kwa zaidi ya tarakimu 7. Mtetezi wa positi atakujibu kwamba mwanafizikia apange vipimo vyake. Ni kweli, ila hapo atakuwa amerudi kwenye jibu la Kahan la 2016.

Kipande cha positi ambacho ningesikitika sana kikipotea si mgao wa biti. Ni rejista (sehemu ndogo ya kuhifadhi namba ndani ya prosesa) pana ya kujumlishia ambayo kiwango cha 2022 kinaitaka, iitwayo Quire: biti 256 kwa positi ya biti 16, biti 512 kwa ya biti 32. Unaweza kuzidisha jozi nyingi za namba na kuzijumlisha humo bila kukadiria hata mara moja hadi mwisho. Wazo la msingi ni la Ulrich Kulisch wa Karlsruhe, Ujerumani, na linaweza kutumika na nukta inayoelea pia. Watafiti wa Madrid walipojenga prosesa ya RISC-V (muundo wa prosesa ulio wazi kwa wote) yenye positi na rejista hiyo, waliyoiita PERCIVAL, waliona kuzidisha matriki, yaani majedwali ya namba, kukiwa na wastani wa mraba wa kosa uliopungua hadi mara 10,000, kwa kasi sawa na ya nukta inayoelea ya biti 32. Bei yake ni nafasi kubwa ndani ya chipu.

Modeli ya Oxford ni ya maji ya kina kifupi. Haina mawingu wala mvua. Modeli kamili ya hewa itabeba unyevu, na unyevu hutawanyika: hewa ya pwani ya kitropiki inaweza kuwa na takriban 0.02 ya uzito wake mvuke, hewa ya juu kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, takriban 0.000003. Thamani hiyo ya pili iko chini ya sakafu salama ya Float16. Ukizidisha zote kwa 65,536 kabla ya kuanza, ya juu inakuwa karibu 0.2 na ya pwani karibu 1,311, na zote zinaingia. Float16 itazipa biti 10 na 10. Positi itazipa 11 kwa hewa kavu ya juu na 9 kwa hewa nzito ya pwani, kule kule mvua inakotengenezwa.